Nani "anauzika"? Turudi Dodoma, Julai 2015, tuhesabu kura

Kahawa Chungu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila msimu wa uchaguzi ukinusa, humu jukwaani hoja huwa ileile: chama kiweke mtu anayeuzika. Juzi kwenye uzi wa mtu mwingine, mdau mmoja kaandika kwa kujiamini kabisa kwamba CCM mwaka 2015 "walimkata anayeuzika, wakaweka asiyejulikana, wakabahatisha". Akapigiwa makofi mengi. Nikaona nisimjibu kule kwa mistari miwili, nifungue wangu.

Kwa waliokuwa bado shule ya msingi: makada 42 walichukua fomu ya kuomba kuteuliwa kugombea urais, milioni moja kila fomu, na 38 wakarudisha. Mawaziri wakuu wastaafu, mawaziri waliokuwa kazini, mabalozi, na wengine hata majirani zao hawakujua kama wana ndoto hiyo. Kila mmoja alitakiwa kuzunguka mikoa isiyopungua 15, mitatu ya Zanzibar, atafute wadhamini 450. Edward Lowassa alirudi na mamia ya maelfu. Alikuwa ameanza safari yake ya matumaini Mei 30 uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, ukafurika hadi nje, na kila alikoenda baada ya hapo ilikuwa nyomi juu ya nyomi.

Sasa sikilizeni hoja za upande wake zilivyokuwa. Ukisema Richmond, ile kashfa ya mkataba wa umeme, na kwamba alijiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008, jibu: "lakini anauzika". Ukisema chama kilimfungia yeye na wenzake watano mwaka 2014 kwa kuanza kampeni mapema, jibu: "ndiyo maana wanamwogopa, anauzika". Ukiuliza afya, unaitwa mchawi, halafu unaambiwa anauzika. Ikawa hoja moja inabeba mzigo wote.

Usiku wa Kamati Kuu ukafika. Majina 38 yakaingia, yakatoka matano: Bernard Membe, January Makamba, Asha-Rose Migiro, Amina Salum Ali na John Magufuli. La Lowassa halimo. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu yenyewe, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, wakatoka kwa waandishi wa habari wakajitenga na uamuzi ule, jambo ambalo kwa chama kile ni kama kuvua nguo sokoni. Kesho yake Halmashauri Kuu inakutana, mwenyekiti Kikwete anaingia ukumbini, sehemu ya wajumbe wanamwimbia usoni kwamba wana imani na Lowassa. Sijawahi kuona kitu kile kabla wala baada.

Halmashauri Kuu ikabakiza watatu. Mkutano Mkuu ukapiga kura: Magufuli 2,104, Amina 253, Migiro 59. Asilimia 87 kwa mtu ambaye mwezi Mei usingemkuta kwenye orodha ya yeyote ya "wanaouzika". Watu walimjua, hapo nawakatalia wanaosema hakujulikana. Alikuwa waziri wa ujenzi anayetaja kilomita za barabara bungeni bila karatasi, na kabla ya hapo wa uvuvi, ndiye wa meli ile iliyokamatwa na shehena ambayo mtaani ikaitwa "samaki wa Magufuli". Lakini hakuwa na mtandao, hakuwa na kundi la vijana wenye fulana, hakuwa na tajiri anayeonekana nyuma yake.

Septemba, asasi ya Twaweza wanatoa utafiti wao wa maoni: Magufuli asilimia 65, Lowassa 25. Ipsos nao: 62 kwa 31. Miezi miwili tu tangu Dodoma! Oktoba 25 wananchi wakapiga kura, tume ikatangaza Magufuli 58.46, Lowassa 39.97.

Msimamo wangu ni huu. Tunapotamka "anauzika" tunachanganya mambo ambayo hayafanani: kujulikana, kuwa na watu wako ndani ya chama, na kuweza kumgeuza mtu ambaye asingekipigia chama chako kura. Lowassa alikuwa na mawili ya kwanza kuliko mwanasiasa yeyote wa wakati wake. La tatu ndilo lilikuwa halijapimwa. CCM hawakulipima, lakini alipohamia upinzani, Chadema, Julai 28 nchi nzima ililipima kwa ajili yao.

Leteni hoja. Matusi pelekeni kule kwenye uzi wa Simba na Yanga.

Nyamaume

Nimekaa siti ya mbele. Karanga zipo.

Kamanda wa Ngarenaro

Mleta mada umeandika vizuri ila umeruka shimo. Weka namba zote mezani. Dokta Slaa, mgombea wa Chadema 2010, alipata kura milioni 2.27. Lowassa 2015, milioni 6.07. Amekuja Chadema siku 89 kabla ya uchaguzi, hana shina wala tawi alilolijenga, anakuta chama kina makovu, na anaongeza karibu milioni nne. Wabunge wa Chadema walikuwa 48, wakafika 70. Halmashauri za Ilala na Kinondoni, Dar es Salaam, zikaondoka mikononi mwa CCM. Mtu asiyeuzika anafanyaje hayo?

Na utafiti wa Twaweza unaousifu ulimpa 25. Akapata 40 kwa hesabu ya tume hiyohiyo ambayo sisi hatukuikubali. Yaani waliopima walikosea kwa pointi 15 halafu wewe unatumia kipimo chao kutuambia hauziki!

Kahawa Chungu

Kamanda, nakubali kuhusu Twaweza, na nyongeza: kupiga simu kuuliza watu kura yao katika nchi yetu kuna shida yake, mtu hajui anayepiga ni nani. Hapo umenibana.

Lakini hizo milioni nne tuzifungue. Mwaka 2010 walipiga kura watu milioni 8.6, chini ya asilimia 43 ya walioandikishwa. Mwaka 2015 walipiga milioni 15.6, asilimia 67. Daftari lilikuwa jipya la alama za vidole, vijana walijitokeza, kila upande ulipanda. Kikwete 2010 alipata milioni 5.28, Magufuli akapata milioni 8.88. Nyongeza ya CCM ni milioni 3.6, nyongeza yako ni 3.8. Karibu sare.

Halafu Lowassa hakuwa mgombea wa Chadema peke yake, alikuwa wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani. Lipumba wa CUF 2010 alipata asilimia kama 8. Slaa 27. Jumlisha: 35 na kidogo. Lowassa kapata 40. Kwa hiyo "mtaji" wote ule, mafuriko yote yale, fedha zote zile, ukiondoa kura ambazo upinzani tayari ulikuwa nazo, ni pointi tano.

Kamanda wa Ngarenaro

Pointi tano huku Slaa mwenyewe kasusa! Septemba mosi kaita waandishi wa habari anamshambulia mgombea wetu, Lipumba kaachia uenyekiti wa CUF mwezi wa nane. Unajumlisha 27 za Slaa na 8 za Lipumba utadhani waliziacha mezani wakaondoka kimya. Waliondoka wakipiga kelele. Lowassa kashikilia kura za watu wawili waliokuwa wanamkana hadharani, na akaongeza tano juu. Mimi nasema huyo kauzika kuliko unavyotaka kukiri.

Kahawa Chungu

Hiyo ni hoja nzito na sina jibu la kuiua. Ninachoweza kusema ni kwamba mpiga kura wa Chadema wa 2010 alikuwa anapigia kura chama cha kupinga ufisadi kuliko alivyokuwa anampigia Slaa, na akabaki na chama. Lakini hapo tunaingia kwenye vichwa vya watu.

Msukuma wa Pwani

Mnahangaika na asilimia wakati Nape, mwenezi wa CCM, alishasema mapema kabisa, ushindi utapatikana hata kwa goli la mkono. Mgombea auzike kwa nani, refa akiwa wa mwenye uwanja? Zanzibar mwaka huohuo Jecha, mwenyekiti wa tume yao, kafuta uchaguzi mzima baada ya kura kupigwa. Na urais wa Muungano ukishatangazwa, Katiba ibara ya 41(7) inasema hakuna mahakama ya kuuchunguza. Kwa hiyo "anayeuzika" CCM ni yule ambaye hatawavuruga wenyewe. Kura ni jambo la baadaye.

Kahawa Chungu

Mkuu, sehemu ya mwisho ndiyo hasa ninayoitafuta. Ya refa nakubaliana nawe zaidi ya unavyofikiri, ila hiyo ni mada ya uzi wake.

Mjumbe Mstaafu

Vijana hamjambo. Huwa nasoma tu, leo ngoja niandike.

Mnazungumza kana kwamba mjumbe akiingia ukumbini anajiuliza wananchi wanamtaka nani. Mimi nimekaa kwenye vikao, na nawaambia swali la mjumbe ni jepesi: huyu akishinda, mimi na kundi langu tutakuwa wapi? Hilo la wananchi linakuja kama kanzu ya kuvaa juu.

Turudi 1995. Watatu walifika Mkutano Mkuu: Kikwete, Mkapa na Msuya. Raundi ya kwanza Kikwete kaongoza kwa kura 534, Mkapa 459, Msuya 336. Angekuwa "anayeuzika" ndani ya ukumbi, ni yule kijana. Hakuna aliyevuka nusu, Msuya akatoka, raundi ya pili Mkapa 686, Kikwete 639. Waliokuwa wa Msuya wengi walimwona Mkapa hana madhara kwao. Na Mwalimu alikuwa ameshaonyesha anakoegemea, ingawa hakuwa na kura ya kumpigia kila mtu.

Nje ya ukumbi, nyomi lilikuwa la nani? La Mrema. Alihama CCM mapema mwaka ule akaenda NCCR-Mageuzi, gari lake linasukumwa na watu barabarani kwa mapenzi. Kura zikahesabiwa: Mkapa karibu 62, Mrema karibu 28. Mwalimu alimzungusha Mkapa nchi nzima akimnadi mwenyewe.

Sasa tazameni 2015 kwa jicho hilo. Membe alionekana ndiye mwenye baraka za wakubwa. Lowassa alikuwa na wajumbe. Makundi yale mawili yalichukiana kiasi kwamba kila moja lilikuwa tayari kumpa ushindi mtu yeyote ili mwenzake asipate. Lowassa alipokatwa Kamati Kuu, watu wake walikuwa bado wamo Halmashauri Kuu na Mkutano Mkuu, kura zao hazikukatwa. Mlitegemea wampe Membe? Membe na January wakaachwa palepale Halmashauri Kuu. Magufuli alikuwa chaguo la pili la kila mtu, na hakuwa adui wa kundi lolote. Ukumbini hiyo inatosha.

Nyamaume

Mzee kashusha nondo. Wajumbe si watu 😂

Mjumbe Mstaafu

Msemo huo mliuanzisha 2020 kwenye kura za maoni za ubunge, mlipoona mtu kaahidiwa kura na nusu ya ukumbi akapata tatu. Lakini hata aliyeongoza kura za maoni mwaka ule, wapo waliokuta vikao vya juu vimemrudisha wa pili au wa tatu. Mjumbe si mtu, na Kamati Kuu ni nini basi?

Dada wa Mbagala

Naomba niulize jambo ambalo wanaume wote humu mmelipita mbio. Ukumbini Julai 2015 walibaki watatu, wawili wanawake. Amina alikuwa balozi wa Umoja wa Afrika kule Washington, waziri wa fedha Zanzibar kabla ya hapo. Migiro alikuwa naibu katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa. Wote wawili kwa pamoja, kura 312 kati ya zaidi ya 2,400.

Nakumbuka mazungumzo ya wakati ule kwenye vijiwe na kwenye redio. Hakuna aliyesema hawafai. Walisema "mwanamke bado hauziki, hasa vijijini". Aliyekuwa anasema hivyo mara nyingi mwenyewe hakai kijijini! Anamsemea bibi yangu wa Kilwa ambaye hakuulizwa. Hii ndiyo kasoro kubwa ya hoja ya kuuzika: unaweza kumkataa mtu bila kusema unamkataa wewe, unawasingizia wengine.

Halafu siku hiyohiyo, baada ya zile kura 2,104, mgombea akamtaja Samia Suluhu Hassan kuwa mgombea mwenza. Ni watu wangapi walikaa kujadili kama anauzika? Hakuna. Machi 2021 Magufuli kafariki, akaapishwa, akawa Rais. Nafasi ile ambayo ukumbi ulikataa kuwapa wanawake wawili kwa kura, ilifika kwa wa tatu kwa njia ya Katiba. Kama kweli tunajali nani anatawala, mgombea mwenza angechambuliwa kama samaki wa Feri.

Kahawa Chungu

Dada, hii ningeiweka kwenye bandiko la kwanza kama ningekuwa na akili yako. Nakazia hapo pa kuwasingizia wengine.

Mbeba Boksi

Salaam kutoka Minnesota, baridi kama kawaida. Nimefurahi Dada kafika hapo maana ndicho nilichokishuhudia huku mwaka 2020, Democrats walipokuwa wanatafuta wa kumtoa Trump.

Huku hakuna Kamati Kuu ya kukata majina, wapiga kura wenyewe ndio wanaochuja, jimbo kwa jimbo. Mngedhani basi kila mtu anampigia anayempenda. Wapi! Waliohojiwa wakitoka vituoni waliulizwa swali hili waziwazi: unataka mgombea anayekubaliana nawe, au anayeweza kumshinda Trump? Majimbo mengi, wengi wakajibu anayeweza kushinda. Yaani mpiga kura wa kawaida kageuka Kamati Kuu ya mtu mmoja. Kazini kwetu, tunakotunza wazee, kuna mama mmoja alikuwa anampenda Elizabeth Warren kwa kila kitu, mipango yake anaijua kwa kichwa. Siku ikafika kampigia Biden. Nikamuuliza, akasema majirani zake hawatamchagua mwanamke. Majirani zake nao, nina hakika, walikuwa wanasema hivyo hivyo kuhusu yeye.

Na Biden mwenyewe mwanzoni alionekana hauziki. Hoja yake yote ilikuwa kwamba yeye ndiye wa kushinda, kisha Iowa kawa wa nne, New Hampshire wa tano. Mtu ambaye sifa yake ni kushinda, anashindwa! Bernie Sanders kachukua New Hampshire na Nevada, wakubwa wa chama wakaanza kutokwa jasho. Ikaja South Carolina Februari 29, ambako wapiga kura weusi ndio wengi ndani ya chama kile. Siku tatu kabla, mbunge wao James Clyburn kamtaja Biden hadharani, Biden kachukua karibu nusu ya kura. Ndani ya saa 48 Buttigieg kajitoa, Klobuchar kajitoa, wote wakamuunga mkono. Jumanne ya Machi 3 Biden kachukua majimbo 10 kati ya 14, likiwemo hili letu la Minnesota, nyumbani kwa Klobuchar. Bloomberg na mamia yake ya mamilioni ya dola za matangazo aliambulia visiwa vya Samoa ya Marekani.

Kwa hiyo Mjumbe Mstaafu, ile ya chaguo la pili la kila mtu, huku nayo ipo. Biden alikuwa chaguo la pili la watu wengi sana.

Kamanda wa Ngarenaro

Mbeba Boksi, lakini huyo alishinda kwa kura za wananchi. Sanders aliruhusiwa kushindana mpaka Aprili. Hakuna aliyemfungia mlango usiku.

Mbeba Boksi

Sahihi. Ila usiwasifie sana. Mwaka 2024 Biden kajitoa Julai 21 baada ya mchujo kuisha, Kamala Harris akapitishwa na wajumbe bila mwananchi hata mmoja kumpigia kura ya mchujo ya urais mwaka ule. Wakashindwa. Mpaka leo wanabishana kama mchujo wa kweli ungempata mtu mwingine. Hata huku Dodoma ipo.

Jirani wa Namanga

Nyinyi Watanzania mna vikao, sisi tuna hesabu za makabila, tusidanganyane 😄. Lakini niwape moja ya kwetu Kenya, ya 2002.

Rais Moi alimtaka Uhuru ndani ya KANU, chama tawala, wengine wote waliokuwa wamejipanga wakaambiwa wangoje. Raila na wenzake wakatoka. Sasa upande wa upinzani kulikuwa na viongozi kila mmoja na ngome yake, na kila mmoja anajiona ndiye. Oktoba 14, Uhuru Park, Raila anasimama mbele ya umati ambao mwingi ni wake, anasema "Kibaki tosha". Kibaki huyo alikuwa amegombea 1992 akawa wa tatu, 1997 akawa wa pili. Kwa hesabu ya kahawa ya mtaani alikuwa mtu aliyezoea kushindwa. Akapata asilimia 62, Uhuru 31.

Kuuzika kwake kulitoka wapi? Kulitoka kwa wale waliokubali kukaa pembeni. Angebaki na watu wake tu angekuwa wa pili tena. Ndio nashangaa hii mijadala ya "mgombea bora" kama vile mtu ni bidhaa imekamilika. 2022 Raila kaungwa mkono na Rais aliyekuwa madarakani, magavana, mashine yote, na bado Ruto kachukua kwa 50.49 dhidi ya 48.85. Hiyo mashine mnayosema inatosha, kwetu haikutosha.

Kahawa Chungu

Jirani, asante. Na ndipo ninapotaka kumrudia Kamanda. Fikiria Lowassa angepitishwa Dodoma. Nadhani angeshinda, tena pengine kwa zaidi ya 58, maana upinzani ungebaki na Slaa na Lipumba kila mtu na njia yake, au na mmoja wao chini ya UKAWA bila mbunge hata mmoja wa kuhamia. Hilo silikatai. Ninalolikataa ni kwamba ushindi huo ungethibitisha mafuriko. Ungethibitisha kwamba aliyebeba bendera ya kijani mwaka ule, mwenye mabalozi wa nyumba kumi hadi kijiji cha mwisho, alikuwa anaanzia asilimia hamsini.

Kamanda wa Ngarenaro

Basi kama bendera ndiyo inayouzika, kwa nini walihangaika kumkata? Wangemwacha tu.

Mjumbe Mstaafu

Kwa sababu angeshinda, kijana wangu. Waliomkata hawakuogopa kwamba atashindwa. Mnabishana kurasa nzima kuhusu kuuzika kana kwamba ndiko alikokatiwa. Mtu mwenye wajumbe wake mwenyewe, fedha zake mwenyewe, na madeni ya kisiasa aliyowakopesha watu tangu ule mtandao wa 2005 uliomwingiza Kikwete, akiingia Ikulu hana wa kumshukuru. Wazee hawapendi hilo.

Msukuma wa Pwani

Na wakampata Magufuli, ambaye naye hakumshukuru mtu 😂😂 Hapo wakubwa wa CCM pale Lumumba walipigwa chenga na hesabu zao wenyewe.

Nyamaume

Huyo wa "hana madhara"! Wazee waulizwe leo.

Dada wa Mbagala

Na Sophia Simba akafukuzwa uanachama 2017 kwa mambo yaleyale ya 2015, Kimbisa akasamehewa, Nchimbi akapewa onyo. Januari 2025 Mkutano Mkuu Dodoma ukampitisha Samia kuwa mgombea pekee, fomu hazikushindaniwa kabisa, na mgombea mwenza akawa nani? Nchimbi. Yule yule aliyetoka kwa waandishi wa habari usiku ule.

Kamanda wa Ngarenaro

Lowassa naye alirudi CCM Machi 2019, Mungu amrehemu. Mimi nilibaki na fulana.

Mleta uzi, nitakuletea kura za urais za majimbo ya Arusha na Kilimanjaro uone kama pointi zako tano zinasimama. Wastani wa nchi unaficha mengi.

Kahawa Chungu

Lete. Na pembeni yake uweke za Slaa 2010 katika majimbo hayohayo, ndiyo tutajua kama Lowassa aliwaongeza au aliwakuta. Na za Kanda ya Ziwa pia, maana huko naona CCM ndio walioongeza, na mgombea wao alitoka Chato. Huo nao ni mtaji ambao mwezi Mei hakuna aliyeuhesabu.